Barua pepe ikiganda asubuhi ya zabuni: la kufanya kabla ya kumwita fundi

MFANYABIASHARA anayefungua kompyuta saa mbili asubuhi na kukuta programu yake ya barua pepe imeganda, hana tatizo la kompyuta peke yake. Ana tatizo la biashara. Ndani ya programu hiyo kuna maombi ya bei yenye saa ya kufungwa, ankara ambazo hazijalipwa na profoma za wauzaji wa Dar es Salaam. Kwa mwenye hisa, humo kuna taarifa za dalali wake na matangazo ya gawio.

Kwa wafanyabiashara wa Kumsenga, Kibondo mjini na Kasulu jambo hili lina uzito wa pekee. Kutoka nyanda hizi za Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na barua pepe ndiyo iliyomwezesha mnunuzi wa mahindi au maharage huku kuandikiana na makao makuu ya shirika bila kupanda basi. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na ile ya Nduta wilayani Kibondo kufunguliwa upya mwaka 2015, mashirika ya misaada yamekuwa yakinunua chakula, vifaa vya ujenzi na huduma za usafiri katika eneo hili, na maombi mengi ya bei yamepita kwenye barua pepe. Kwa upande wa Serikali, usajili wa kampuni kwa njia ya mtandao ulioanzishwa na BRELA mwaka 2018, na mfumo wa ununuzi wa NeST ulioanza mwaka 2023, yote inamtaka mhusika awe na anwani ya barua pepe.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtu ameombwa bei ya tani 20 za maharage, na katika kila kilo anatarajia kubakiwa na faida ya sh. 150 baada ya kutoa usafiri na magunia. Hiyo ni sh. 3,000,000. Ikiwa mwisho wa kupokea bei ni saa sita mchana na programu imeganda hadi saa nane, fedha hizo zimekwenda, hata kama ghala limejaa na bei yake ilikuwa ndogo kuliko za wenzake. Kamati ya ununuzi haifungui bei iliyochelewa kwa sababu kompyuta ya mwombaji ilikwama.

Makala haya yanaeleza kwa nini programu ya barua pepe huganda wakati wa kufunguka, jinsi ya kutambua chanzo chake kwa majaribio machache, na mambo ambayo mwenye biashara asikubali yafanywe kwenye kompyuta yake. Tumetumia mifano ya programu mbili zinazotumika sana maofisini, yaani Outlook ya kampuni ya Microsoft na Thunderbird ya Mozilla, ambayo hutolewa bure. Kwa Outlook, tunazungumzia ile ya kawaida inayokuja na Office.

Okoa biashara kwanza

Jambo la kwanza si kutengeneza programu, bali ni kuipata barua yenyewe. Wengi husahau kwamba programu iliyo kwenye kompyuta ni dirisha moja tu la kusomea barua. Barua mpya hufika kwanza kwenye kompyuta kubwa ya mtoa huduma, iitwayo seva, na mara nyingi huweza kusomwa huko moja kwa moja.

Fungua kivinjari cha Intaneti, au simu, uingie kwenye akaunti yako kwa anwani na neno lako la siri. Wenye Gmail au Outlook.com wanafahamu ukurasa huo. Wenye anwani ya kampuni inayoishia na .co.tz nao kwa kawaida wana ukurasa wa kusomea barua uliotolewa na kampuni inayowahifadhia tovuti. Anwani ya ukurasa huo iandikwe kwenye daftari la ofisi leo, siyo siku ya msiba.

Jibu ombi la bei kutoka hapo. Kisha rudi kwenye kompyuta bila haraka, kwani makosa mengi ya kufuta barua za miaka hufanywa na mtu anayeangalia saa.

Programu hufanya nini inapofunguka

Ili kuelewa mahali inapokwama, ni vema kujua kazi inayofanywa katika sekunde zile za mwanzo. Kwanza, programu husoma wasifu, yaani maelezo ya mtumiaji na akaunti zake. Pili, hufungua faili kubwa lenye barua zote za zamani. Tatu, huita programu nyongeza, kama zile zinazowekwa na kinga ya virusi, programu ya uhasibu au ile ya kutengeneza hati za PDF. Nne, huwasiliana na seva na kujitambulisha kwa neno la siri, ndipo barua mpya zianze kushuka na zinazosubiri zianze kutoka.

Katika kila hatua inaweza kukwama. Wasifu ukiharibika, programu haijui ianzie wapi. Faili la barua likiwa na jeraha au likijaa kupita kiasi, husomwa polepole au kutosomeka kabisa. Programu nyongeza moja iliyopitwa na wakati huweza kuzishika nyingine zote. Na mtandao ukiwa dhaifu, kompyuta hukaa ikisubiri jibu lisilokuja. Kwa mtumiaji hali zote hizi huonekana sawa: dirisha limepauka, kishale kinazunguka, na juu yameandikwa maneno "Not Responding".

Kwa sababu dalili ni moja na vyanzo ni vingi, kubahatisha hakufai. Inabidi kuondoa chanzo kimoja kimoja, kama mhasibu anayetafuta tofauti kwenye daftari la fedha.

Kabla ya majaribio: subiri kidogo

Kama umeme ulikatika wakati programu ikiwa wazi, faili la barua halikufungwa ipasavyo. Outlook itakapofunguliwa tena italikagua lenyewe, na faili kubwa huweza kuchukua dakika nyingi. Mwenye kompyuta akidhani imeganda na kuizima kwa nguvu, ukaguzi hukatizwa na jeraha huongezeka. Tazama taa ya diski kwenye kompyuta. Ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, kazi inaendelea. Subiri nusu saa kabla ya kukata tamaa.

Suala la umeme linawahusu sana wakazi wa mkoa huu. Kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa, Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kukatika kwa umeme katikati ya kazi ni jambo wanalolijua wote. Kila kukatika kwa ghafla ni nafasi ya faili la barua kuharibika. Kompyuta ndogo ya mkononi yenye betri nzima, au kifaa cha UPS kwa ile ya mezani, ni kinga ya faili hilo kama vile turubai lilivyo kinga ya magunia kwenye lori.

Baada ya kusubiri, hakikisha programu haijafunguka mara mbili. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc ili kupata orodha ya programu zinazoendelea. Ukiona Outlook au Thunderbird kwenye orodha hiyo ilhali huoni dirisha lake, ifunge kutoka hapo kisha uifungue upya. Thunderbird hukataa kufunguka ikiwa nakala yake nyingine bado inashikilia wasifu, na yenyewe husema kuwa tayari inaendelea lakini haijibu. Kuzima na kuwasha kompyuta upya kwa utaratibu hutoa dawa hiyo hiyo.

Jaribio la kwanza: kata mtandao

Zima modemu au Wi-Fi, halafu fungua programu. Jaribio hili halina gharama na hugawa tatizo katika mafungu mawili.

Programu ikifunguka bila mtandao, basi faili na wasifu ni wazima, na chanzo kiko kwenye mawasiliano. Angalia sanduku la barua zinazotoka. Mara nyingi utakuta huko barua moja yenye picha kumi za mzigo au hati iliyopigwa skani kwa ukubwa wa kupindukia, ambayo programu inajaribu kuituma kila inapofunguka na kushindwa. Ikumbukwe kuwa kiambatisho huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja kinaposafirishwa, kwa hiyo faili la megabaiti 18 huwa kama megabaiti 24 njiani, na Gmail kwa mfano haipeleki barua inayozidi megabaiti 25. Mtandao ukiwa bado umekatwa, ihamishe barua hiyo kwenye rasimu, punguza picha, kisha washa mtandao.

Kama sanduku la zinazotoka ni tupu, huenda barua kubwa inayoingia ndiyo imeziba njia. Ingia kwa kivinjari, ipakue kutoka huko kisha uiondoe kwenye kikasha.

Chanzo cha tatu katika fungu hili ni neno la siri. Programu za zamani zilizoea kutuma anwani na neno la siri basi. Google ilianza kukataa utaratibu huo kwa akaunti binafsi Mei 2022, na Microsoft ikafanya hivyo kwa akaunti za Outlook.com Septemba 2024. Mtu mwenye programu ya zamani hukuta inauliza neno la siri tena na tena, au inakaa kimya ikisubiri. Kubadili neno la siri hakutasaidia. Kinachotakiwa ni programu mpya zaidi inayofahamu utaratibu wa sasa wa kujitambulisha au, kwa Gmail, neno la siri maalumu la programu linalotolewa ndani ya mipangilio ya akaunti.

Programu ikiganda hata bila mtandao, usimlaumu mtoa huduma wa Intaneti. Chanzo kiko ndani ya kompyuta yako, nenda jaribio la pili.

Jaribio la pili: fungua bila nyongeza

Programu zote mbili zina njia ya kufunguka zikiwa zimeacha nyongeza zote nje. Kwa Outlook, shikilia kitufe cha Ctrl huku ukibofya alama yake, na ukiulizwa kama unataka hali ya usalama, kubali. Njia nyingine ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika outlook.exe /safe. Kwa Thunderbird, shikilia Shift wakati wa kuifungua.

Ikifunguka vizuri kwa njia hii, mhalifu ni mmoja wa nyongeza. Kwenye Outlook fungua "File", kisha "Options", kisha "Add-ins", halafu chini kabisa ubofye "Go". Utaona orodha yenye alama za tiki. Ondoa zote, funga programu, ifungue kwa njia ya kawaida. Ikiwa sawa, rudisha nyongeza moja baada ya nyingine, ukiifunga na kuifungua programu kila mara, hadi utakapoipata ile inayogandisha. Wenye nyongeza nyingi waokoe muda kwa kurudisha nusu kwanza. Tatizo likirejea limo kwenye nusu hiyo, lisiporejea limo kwenye iliyobaki.

Nyongeza ya kinga ya virusi inayokagua barua ni mshukiwa wa kawaida. Kuizuia isiingie ndani ya Outlook si sawa na kuondoa kinga kwenye kompyuta nzima, kwani kinga huendelea kukagua kiambatisho pale unapokifungua au kukihifadhi. Kwa wenye Thunderbird kuna hatari nyingine ya kujihadhari nayo. Barua zote za kikasha kimoja kwa kawaida hukaa kwenye faili moja. Kinga ikiona virusi ndani ya barua moja na kulifungia faili zima, kikasha chote hutoweka kwa mpigo. Katika mipangilio ya kinga, eleza kwamba folda ya Thunderbird isiguswe.

Jaribio la tatu: pima ghala

Ikiwa programu inaganda hata bila nyongeza, tazama faili la barua. Hapa ndipo penye tatizo la ofisi nyingi zilizofanya kazi kwa miaka kumi au zaidi bila kufuta kitu.

Outlook huhifadhi barua kwenye faili ambalo jina lake huishia na .pst au .ost. Toleo la mwaka 2002 na yaliyolitangulia hayakuweza kuvuka gigabaiti 2. Matoleo ya 2003 na 2007 yaliwekewa kikomo cha gigabaiti 20, na kuanzia la 2010 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 50. Hata hivyo, kukaribia kikomo ni kama kujaza ghala hadi mlangoni, kwani kila kutafuta gunia moja inabidi kuhamisha mengine. Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inayozunguka, ugumu huanza mapema zaidi kuliko tarakimu hizo.

Angalia pia nafasi iliyobaki kwenye diski ya C. Ikiwa imebaki kidogo sana, programu haina mahali pa kuandikia na hukwama hata kama faili ni zima.

Mahali faili lilipo nako kuna uzito. Microsoft yenyewe hushauri faili la .pst lisifunguliwe kupitia mtandao wa ofisi kutoka kompyuta nyingine. Kadhalika, kuliweka ndani ya folda inayojinakili Intaneti kama OneDrive huleta mvutano, kwa sababu programu mbili hugombania faili moja. Likae kwenye diski ya kompyuta yenyewe, na nakala yake ichukuliwe programu ikiwa imefungwa.

Kulitengeneza faili la .pst lililojeruhiwa kuna chombo kinachokuja bure pamoja na Office, kiitwacho SCANPST.EXE. Kwenye matoleo ya karibuni hupatikana katika C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, au katika folda kama hiyo iliyo ndani ya Program Files (x86). Utaratibu ni huu: funga Outlook, nakili faili la .pst kwenye flashi au diski ya nje, fungua chombo hicho, kielekeze kwenye faili, kisha ukiache kikague na kutengeneza. Rudia hadi kiseme hakuna kosa. Mara nyingi huchukua zaidi ya mzunguko mmoja.

Thunderbird ina matatizo yanayofanana na hayo kwa sura nyingine. Barua unayoifuta haiondoki kwenye faili, bali huwekewa alama tu, na faili huendelea kuvimba mpaka uchague "Compact Folders". Aidha, kila kikasha kina faili dogo la faharasa linaloishia na .msf. Hilo likiharibika, programu hukwama ingawa barua zenyewe ni salama. Unaweza kulifuta wakati programu imefungwa, nayo italitengeneza upya. Faili la utafutaji liitwalo global-messages-db.sqlite nalo hufutwa na kujijenga upya kwa namna hiyo hiyo. Lakini faili lenye jina la kikasha bila kiambishi chochote, kwa mfano Inbox, hilo ndilo lenye barua. Ukilifuta, umefuta barua.

Jaribio la nne: wasifu mpya

Faili likiwa zima na programu bado inaganda, tengeneza wasifu mpya. Kwa Outlook nenda "Control Panel", kisha "Mail", kisha "Show Profiles", uongeze mpya bila kuufuta wa zamani. Kwa Thunderbird andika thunderbird -P kwenye sehemu ile ile ya Windows na R. Weka akaunti upya, ukajaribu. Ikifunguka, unganisha faili lako la zamani na wasifu mpya. Ikishindikana, kilichobaki ni kuitengeneza Office yenyewe kupitia orodha ya programu zilizosakinishwa, na hapo kumwita fundi ni halali.

Barua ziko wapi? Swali la kuuliza kabla ya kufuta

Hatua nyingi hapo juu hutegemea jambo moja ambalo wenye biashara wengi hawalijui, yaani kama akaunti yao ni ya POP au ya IMAP. Tofauti yake inaeleweka kwa mfano wa sanduku la posta.

Akaunti ya POP ni kama mtu anayekwenda posta, anafungua sanduku lake, anachukua barua zote na kuzipeleka nyumbani. Sanduku hubaki tupu. Nyumba ikiungua, barua zimekwisha. Akaunti ya IMAP, au ya Exchange, ni kama mtu anayesoma barua palepale posta na kuondoka na nakala. Nyumba ikiungua, barua bado ziko posta.

Kwa mwenye IMAP au Exchange, faili la .ost lililoharibika linaweza kubadilishwa jina na Outlook italitengeneza jingine kwa kuteremsha barua upya. Kinachomgharimu ni bando. Sanduku la gigabaiti 8 litakula gigabaiti 8 au zaidi, na kwa modemu ya mtandao wa simu hiyo ni fedha na ni muda. Kwa akaunti za Exchange inawezekana kuagiza barua za miezi mitatu tu zishuke, na za zamani zikabaki kwenye seva. Chochote ulichokiandika ambacho hakijafika kwenye seva kitapotea, hivyo zinakili rasimu kwanza.

Kwa mwenye POP, faili la .pst lililo mezani kwake huenda ndilo nakala pekee duniani. Asiliguse mtu kabla halijanakiliwa.

Fundi na neno "kufomati"

Mafundi wengi wa kompyuta katika miji yetu ni waaminifu na wanajua kazi. Hata hivyo, dawa inayopendekezwa haraka ni kufomati, yaani kufuta diski na kusakinisha Windows upya. Ni kweli kwamba baada ya hapo programu haitaganda. Ni kweli pia kwamba kwa mwenye POP itafunguka ikiwa tupu.

Hasara yake inazidi usumbufu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na siku hizi ankara na maagizo mengi hayakuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huo huo ilizipa kumbukumbu za kielektroniki nafasi ya kupokelewa kama ushahidi. Mnunuzi akikana kuwa mlikubaliana bei fulani, barua pepe yake ya agizo ndiyo silaha yako. Ukikubali diski ifomatiwe, umeitupa.

Kwa hiyo, kabla fundi hajaanza, mwulize maswali matatu: faili langu la barua liko wapi, lina ukubwa gani, na nakala yake umeiweka wapi? Asiyeweza kujibu asiguse. Nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine mbele yako, kwani nakala ambayo haijajaribiwa haina thamani.

Wajihadhari pia na programu za Intaneti zinazoahidi kutengeneza faili la barua kwa malipo, na watu wanaopiga simu wakijitambulisha kuwa ni wa Microsoft. Kampuni hiyo haimpigii mteja simu bila kuombwa. Anayepewa ruhusa ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali anaweza kusoma ankara zako na baadaye kumwandikia mteja wako namba nyingine ya akaunti ya benki.

Lini inabidi kubadili programu

Ziko kompyuta ambazo kuzitengeneza ni kupoteza fedha. Outlook Express, iliyokuja na Windows XP, haina mtetezi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows hiyo tarehe 8 Aprili, 2014. Programu ndogo ya Mail iliyokuja na Windows 10 iliachwa mwisho wa mwaka 2024. Windows 10 yenyewe, pamoja na Outlook za 2016 na 2019, zilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025. Programu isiyopata marekebisho huendelea kufanya kazi, lakini kila seva inapobadili utaratibu wake, programu hiyo ndiyo hukwama kwanza.

Mwenye mtaji mdogo hana lazima ya kununua Office mpya kwa ajili ya barua peke yake. Thunderbird ni ya bure na inahudumiwa, na kusoma barua kwa kivinjari hakuhitaji programu yoyote. Kilicho muhimu ni kuhama kutoka POP kwenda IMAP wakati wa mabadiliko hayo, ili kumbukumbu zisitegemee diski moja.

Utaratibu wa mwezi

Kinga ya tatizo hili inahitaji saa moja kwa mwezi, na inaweza kufanywa siku ile ile ya kufunga hesabu. Funga programu, nakili faili la barua kwenye diski ya nje, na diski hiyo isilale ofisini. Hamisha barua za mwaka uliopita kwenye faili la kumbukumbu ili faili la kila siku libaki dogo. Futa nyongeza usizozitumia. Jaribu kuingia kwa kivinjari ili kuhakikisha kuwa neno la siri unalikumbuka.

Na kwa yeyote anayeomba zabuni, bei iondoke siku moja kabla. Mtandao wa simu unaweza kukatika, umeme unaweza kukatika, na programu inaweza kuganda. Yote hayo hutengenezeka mchana mmoja, lakini bahasha ya bei ikishafungwa haifunguliwi tena kwa ajili ya mtu mmoja.